Kumbe Hii Si Aloe? Maswali Yenu ya Sakulenti

Barua za bustani mwezi huu zimekuwa nyingi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja. Mtu amenunua sakulenti, yaani mmea unaoweka maji kwenye majani au shina nene, kando ya barabara, muuzaji akampa jina, jirani akampa lingine, simu ikampa la tatu, na huku mmea wenyewe unazidi kulegea tu. Nimechagua sita. Kabla hatujaanza niseme hivi, si kila tofauti ina maana. Kuna zingine ukizikosa mmea unaoza ama mtoto anaumia jicho, na kuna zingine ni za watu kubishana tu, hazibadilishi hata tone la maji unalomwaga. Nitakuwa nawaambia ipi ni ipi.

SWALI: Habari ya kazi. Mimi naishi Umoja gorofa ya tatu na niko na mikebe tatu kwa balkoni, zote nilinunua Ngong Road siku moja na zote nikaambiwa ni zebra. Ya kwanza iko na mistari nyeupe na majani yamechongoka, ya pili iko na madoadoa lakini majani ni manene na yamelaliana pande mbili tu, ya tatu pia iko na madoa na vimiiba vidogo kando kando. Dada yangu anasema zote ni aloe, wacha kujisumbua. Sasa ile ya mistari imeanza kuwa nyekundu na ile ya pili inalegea. Nimeuziwa kitu moja ama vitu tofauti, na nizimwagilie aje?
*Mama Balkoni, Umoja*

JIBU: Mama Balkoni, umeuziwa vitu vitatu tofauti, na sidhani muuzaji alikuwa anakuchezea, maana hata yeye huletewa kreti nzima ikiwa na jina moja. Dada yako naye hajakosea sana, zote tatu ni za ukoo mmoja na aloe ndiyo sababu zinafanana hivyo.

Anza na kidole. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa jani, kutoka chini kwenda kwenye ncha. Ile ya tatu itakukwaruza, hiyo ndiyo aloe ya kweli kati ya hizo zako, na kama majani yake ni mafupi ya pembe tatu yamepandana kwenye shina linalorefuka basi karibu hakika ni Aloe juvenna. Na hapa ndipo ninapofurahi, kwa sababu watu huinunua wakidhani imetoka ng'ambo, kumbe asili yake ni hapa hapa Kenya. Ikipigwa na jua inageuka kahawia yenye wekundu na haina shida yoyote, iwache hapo hapo.

Ya pili, hiyo yenye majani manene yaliyolala pande mbili, ni Gasteria. Ukingo wake hauna meno, na ikitoa maua utaona kamrija kadogo ka rangi ya waridi kalikopinda na kufura upande wa chini, huwezi kuchanganya na kitu kingine. Hii ya mistari sasa ndiyo watu wanagombania. Zamani ilikuwa inaitwa Haworthia, tangu 2013 wataalamu wameihamishia kwenye jina la Haworthiopsis, na madukani huandikwa fasciata hata kama si yenyewe. Chukua jani moja uliangalie ile sehemu ya ndani, inayotazama katikati ya mmea. Kama ndani ni laini kabisa na vinundu vyeupe viko mgongoni peke yake, una fasciata. Kama vinundu viko pande zote mbili, hata kama vya ndani ni vidogo, una attenuata, na nyingi zinazouzwa ni attenuata. Lakini hiyo ni ile tofauti niliyosema ya kubishana. Maji ni yale yale, udongo ni ule ule, kivuli ni kile kile.

Tofauti yenye maana kwako ni ya jua. Gasteria na Haworthiopsis kwao Afrika Kusini huota chini ya vichaka na kwenye mianya ya mawe, hazipendi jua la moja kwa moja la mchana. Huo wekundu ni jua. Haijafa, inajikinga tu, ukiisogeza mahali penye mwanga bila jua kali itarudi kijani polepole. Na hapa kuna kitu video nyingi za Ulaya hazitakuambia, wao husema dirisha la kusini ndilo la jua, hiyo ni ya kwao. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hivyo kuanzia mwezi wa nne mpaka wa nane jua la saa sita hupita upande wa kaskazini, na kuanzia wa kumi mpaka wa pili hupita upande wa kusini. Yaani balkoni iliyokuwa kivuli Juni inaweza kuwa inachoma Desemba na wewe hujasogeza kitu. Tena tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, jua letu linauma kuliko joto lenyewe linavyoonyesha. Balkoni inayotazama mashariki ndiyo nzuri kuliko zote, inapata jua la asubuhi halafu basi.

Kuhusu ile Gasteria inayolegea, usikimbilie maji. Itoe kwenye mkebe, kung'uta udongo uangalie mizizi. Ikiwa myeupe na migumu, ina kiu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Ikiwa ya kahawia, laini, na inavutika ikibaki uzi mtupu mkononi, imeoza. Kata yote iliyooza kwa kisu safi mpaka ufike kwenye nyama yenye afya, iwache mahali pakavu penye kivuli siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, ndipo uipande tena kwa udongo mkavu na usiipe maji wiki nzima.

Mnapenda kuniuliza maji mara ngapi kwa wiki. Mimi sina jibu hilo na nawaomba msimwamini aliye nalo. Februari mkebe mdogo unaweza kukauka kwa siku chache, Julai kukiwa na lile wingu la baridi lisiloisha mkebe huo huo unakaa na unyevu wiki mbili na zaidi. Chukua kijiti cha mshikaki, kidumbukize mpaka chini kabisa, ngoja kidogo, kitoe. Kikitoka na udongo umeshika au kiko baridi, wacha. Kikitoka kikavu, mwagilia. Na mkebe uwe na matundu chini, tafadhali, matundu manne au matano ya msumari mkubwa, siyo kokoto zimewekwa chini ya mkebe usio na tundu, hizo kokoto hazisaidii, maji yanabaki humo humo.

Udongo, nusu iwe ule wa bustani uliochujwa na nusu iwe kitu cha mawe mawe. Yale mawe mepesi yenye vitundu yanayoletwa kutoka upande wa Naivasha na Longonot ndiyo bora, wanaouza miche wengi wanayo. Kama hupati, mchanga wa mto wenye punje kubwa uliooshwa utafaa, ila usichukue ule laini wa kupiga plasta, huo unaganda. Samadi iwe ngumi moja tu na iwe imeiva. Halafu, kwa vile uko gorofa ya tatu, angalia jirani wa juu anapoanika nguo. Nimeshaona mimea mingi mizuri ya balkoni ikiuawa na maji ya sabuni yanayodondoka kutoka juu na mwenyewe analaumu udongo.

SWALI: Niaje mkuu. Nilinunulia mpenzi wangu ile sakulenti ya zambarau yenye umbo la ua la waridi, ilikuwa imejikunja safi sana, saa hii iko na shingo kama twiga na majani yamekuwa ya kijani ya kawaida. Muuzaji aliniambia ni Echeveria, app ya simu inasema Graptopetalum, beste yangu anasema ni Sempervivum na ati hizo zikitoa maua ndiyo mwisho wao. Na sasa imeanza kutoa maua manze! Nikate ama niwache? Asante.
*Kijana wa Mwiki*

JIBU: Poa sana. Tulia, haifi.

Beste yako anajua kitu lakini amekiweka kwa mmea mbaya. Sempervivum kweli kichwa kimoja kikishatoa maua kinakufa, vitoto vilivyo kando ndivyo vinaendelea. Lakini hiyo ni mimea ya milima ya Ulaya inayotaka baridi kali kila mwaka, Nairobi huioni sana na ikiwepo huwa inahangaika. Angalia ua linatokea wapi. Kwa Sempervivum ile katikati yenyewe ndiyo inainuka na kuwa bua la maua, waridi lote linavunjika. Kwa yako bila shaka bua limechomoka pembeni, kati ya majani, na katikati kumebaki kama kulivyo. Hiyo itatoa maua mwaka huu na mwaka ujao na ule mwingine.

Sasa Echeveria ama Graptopetalum? Ngoja ua lifunguke, usilikate kabla. Ua la Echeveria ni kengele ndogo, petali zimesimama zimebanana, za rangi ya chungwa au waridi na njano. Ua la Graptopetalum hufunguka kabisa likawa nyota bapa, na mara nyingi lina vidoadoa vyekundu. Kwa majani peke yake utahangaika, kwa sababu wazalishaji wa mimea wamezichanganya hizi mbili sana, na mchanganyiko wake unaitwa Graptoveria. Hata hiyo ya zambarau maarufu kuliko zote, Perle von Nürnberg, ni chotara iliyozalishwa Ujerumani. Ile ingine utakayoikuta kila mahali hapa mjini, kwenye mikebe ya rangi, kwenye makaburi, juu ya ukuta wa ploti, ya kijivu yenye waridi kidogo na shina linaloning'inia, ni Graptopetalum paraguayense, na pamoja na jina hilo haitoki Paraguay, kwao ni Meksiko.

Mimi kwako ningeandika tu "zambarau ya mpenzi" kwenye mkebe na kuendelea na maisha. Chotara za Echeveria ni nyingi mno na zinafanana mno, anayekutajia jina kamili kwa kuangalia picha moja ya simu anabahatisha. Matunzo yake yote ni mamoja.

Shida yako ni mwanga. Inajivuta kuutafuta, na rangi imepotea kwa sababu ile zambarau huletwa na jua. Shina lililorefuka halirudi kuwa fupi, hata ukiipeleka uwanjani leo. Kwa hivyo ua likiisha, kata kichwa ukiache na kishina cha sentimita mbili tatu, toa majani machache ya chini, weka kichwa mahali pakavu siku nne tano mpaka kidonda kikauke, halafu kisimamishe juu ya udongo mkavu. Usikimwagilie mpaka kianze kutoa mizizi. Kile kisiki kilichobaki usikitupe! Kiache kwenye mkebe wake na majani kadhaa, kitachipua vitoto kando kando ya shina, wakati mwingine vitatu vinne kwa pamoja.

Na yale majani uliyotoa ni miche pia, ila lazima yatoke mazima. Shika jani karibu na shina, lisukume kushoto halafu kulia, taratibu, mpaka usikie limeachia. Angalia pale lilipokuwa limeshika, panatakiwa pawe pazima pameviringika. Kama kipande kimebaki kwenye shina, hilo jani halitatoa mtoto, litaoza tu. Yaliyo mazima yalaze juu ya udongo, usiyafukie, wacha kwenye kivuli chenye mwanga. Kwanza vitatoka vijizizi vya rangi ya waridi vyembamba sana, baadaye kijiwaridi kidogo kuliko punje ya hindi, na jani mama litaendelea kusinyaa likimlisha mtoto mpaka libaki ganda. Ukifanya hii kazi Julai itachukua muda mrefu sana, ni baridi, usidhani imekataa.

Ukiihamishia juani fanya polepole, wiki ya kwanza jua la muda wa saa moja tu kila asubuhi. Na ule unga mweupe ulio juu ya majani usiufute ukidhani ni vumbi, ni nta inayoukinga mmea, ukiufuta kwenye jani hilo haurudi na alama ya kidole chako itabaki hapo mpaka jani lianguke.

SWALI: Kwako mhariri. Nimenunua shamba dogo Kitengela na ninataka ua wa miiba ili mbuzi wa majirani wasiingie. Fundi amenishauri nipande kaktasi, akaniletea vipande vya aina mbili. Kimoja ni kirefu chenye pembe tatu na vijani vidogo juu, kingine ni bapa, mviringo, kina miiba. Mke wangu anasema kile cha kwanza ni kibaya kwa macho na wajukuu huja wikendi. Naomba ushauri wako.
*Babu wa Kitengela*

JIBU: Shikamoo babu. Msikilize mama, yeye ndiye ameona vizuri.

Hicho kirefu cha pembe tatu si kaktasi, ni Euphorbia, na hapa tofauti ni ile yenye maana kabisa. Kaktasi zote asili yake ni Amerika, isipokuwa moja tu inayoning'inia mitini, Rhipsalis baccifera, ambayo hupatikana porini Afrika pia. Hizi kubwa zetu za hapa zinazofanana na kaktasi, kama ule msitu maarufu wa Euphorbia candelabrum ulio ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru, ni Euphorbia. Ukitaka kuhakikisha, vaa glavu na miwani, choma ngozi kidogo kwa pini. Ikitoa maziwa meupe papo hapo, ni Euphorbia. Kuna kaktasi chache za maziwa, baadhi ya Mammillaria, lakini hizo ni vimviringo vidogo vya mikebe, si za ua. Miiba pia inasema. Ya Euphorbia ya aina hii hukaa miwili miwili juu ya ukingo. Ya kaktasi hutoka kwa kundi kutoka kwenye kidoa kidogo chenye manyoya, na hicho kidoa Euphorbia haina.

Yale maziwa yakiingia jichoni yanaunguza vibaya sana, mtu anaweza kukaa siku kadhaa haoni vizuri, na bila matibabu jicho linaweza kuharibika zaidi. Hata mnyaa, ule wa vijiti vya kijani ambao Wakikuyu wanauita kariria na umejaa kwenye ua za zamani, ni ndugu yake na maziwa yake ni yale yale. Ikitokea, mtu asifikiche, asuuze jicho kwa maji safi mengi kwa muda mrefu na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Watu wazima wanaojua wanaishi na mnyaa miaka na miaka bila shida. Wajukuu wa wikendi wanaovunja vijiti wakicheza ni hadithi nyingine.

Sasa hicho cha pili, bapa, ni Opuntia, na babu nacho sikipendekezi. Nenda Laikipia ukaone Opuntia stricta ilivyofanya, imefunika malisho, ndovu na nyani wanakula matunda na kusambaza mbegu, mifugo inaumia midomo na matumbo kwa vile vimiiba vidogo, mpaka ikabidi waletwe wadudu maalumu wa kuishambulia. Kila kipande kikianguka chini kinaota. Usikipande, na hivyo alivyoleta fundi usivitupe shimoni, vikaushe kabisa juani juu ya mabati halafu uvichome.

Kwa ua wa kuzuia mbuzi mimi ningepanda kei apple, kwa jina la wataalamu Dovyalis caffra. Ni miiba mitupu, inakatwa vizuri, matunda yake yanafaa jemu. Nafahamu umeuliza kuhusu kaktasi, lakini hapo ulikuwa unatafuta ua, si mmea. Na sakulenti kama unazipenda ziweke karibu na nyumba kwenye tuta lililoinuliwa futi moja kwa mawe na muramu, kwa sababu ule udongo mweusi wa Kitengela wakati wa mvua unashika maji mpaka mizizi inakosa hewa.

SWALI: Hujambo dada. Mimi nina alovera kubwa sana kwa ploti, imetoa maua mekundu. Mama mkwe wangu anakata jani anachemsha anakunywa asubuhi kwa ajili ya tumbo, na sasa ameanza kuwapa majirani. Ni sawa?
*Bibi arusi wa Rongai*

JIBU: Hujambo mpenzi. Hilo neno "mekundu" limenishtua. Aloe vera hutoa maua ya njano. Majani yake ni ya kijivu cha kijani, na ikiwa changa ina madoa meupe. Yenye maua mekundu au ya waridi yaliyojipanga upande mmoja wa tawi, na majani ya kijani iliyokolea yenye meno magumu ya kahawia, huenda ikawa Aloe secundiflora, ambayo imejaa sana huku kwetu. Au ikawa nyingine kabisa, Kenya tuna aina nyingi mno za mishubiri, yaani hizi aloe.

Nyingi haziui mtu. Ule utomvu wa njano mchungu ulio chini ya ngozi ni dawa ya kuharisha, ukizidi unaumiza tumbo na unakausha mwili, na mwenye mimba haufai kabisa. Lakini iko moja, Aloe ballyi, imepewa jina la Peter Bally aliyekuwa mtaalamu wa mimea pale makumbusho ya Nairobi, inaota Kenya na Tanzania, na hiyo ni sumu kweli. Kwa macho, bila ua na bila mtu anayeijua, huwezi kuitofautisha kwa uhakika na ndugu zake zisizo na madhara. Kwa hivyo hapana, asinywe, na majirani wasipewe. Najua si rahisi kumwambia mama mkwe hivyo. Mwambie kwa njia ya swali, "mama, hii si ingetakiwa kuwa na maua ya njano?", halafu chukueni tawi lenye ua na jani moja mpeleke Museum Hill, pale kuna herbariamu ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, na watu wanaojua kutambua mimea.

Kuna pia wanaochanganya na agave, yale majitu yaliyo nje ya mageti ya Karen. Hiyo ni rahisi. Vunja ncha ya jani uvute, ukiona nyuzi, ni agave, ndugu ya mkonge. Aloe haina nyuzi, ina utelezi. Agave nyingi hutoa ua moja refu kupita nyumba na kufa, aloe huchanua mwaka baada ya mwaka. Na utomvu wa agave huwasha ngozi, usijipake.

Na wale mnaosimamisha gari njiani kwenda Magadi mng'oe mishubiri ya porini muiweke kwa buti, sheria ipo. Uvunaji wa porini ulipigwa marufuku kwa amri ya rais 1986, na kanuni za 2007 ndizo zinazosimamia biashara hiyo kwa vibali. Kimataifa aloe zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, isipokuwa Aloe vera. Tena zile kubwa zinazong'olewa nyingi hazishiki, zinaoza.

SWALI: Nimekata jani la sansevieria yangu yenye ukingo wa njano nikalipanda, limetoa mtoto wa kijani mtupu. Nilibadilishiwa?
*Msomaji, South B*

JIBU: Hapana, hakuna aliyekubadilishia. Ile njano haimo kwenye mmea mzima, imo kwenye tabaka moja tu la ngozi ya jani, na mtoto anayetoka kwenye kipande cha jani huanzia kwenye tabaka lingine. Ukitaka njano gawanya mmea kwenye mzizi, kata kitoto pamoja na kipande cha mzizi wake mnene. Huyo wa kijani ni mzuri tu, na ana nguvu kuliko mama yake. Siku hizi wataalamu wanaiita Dracaena, ukiona hilo jina dukani usidhani ni kitu kipya ukanunua mara ya pili.

SWALI: Sasa nina vimti viwili vya majani manene, kimoja naambiwa ni jade kingine ni jade ndogo. Ile ndogo imejaa utando mweupe kwenye viungo. Nitajuaje tofauti na nifanye nini?
*Mpenda bonsai, Ngara*

JIBU: Hiyo ndogo si jade ndogo. Jade ni Crassula ovata, ina majani ya sentimita tatu na kuendelea, shina nene lenye rangi ya kijani na kahawia, na ikichanua inatoa vinyota vyeupe. Ile ingine ni Portulacaria afra, majani yake ni ya sentimita moja mbili, na tazama vijitawi vichanga, ni vyekundu vya kahawia na vyembamba. Hiyo majani yake yanaliwa, yana uchachu mzuri kwa kachumbari, kwao Afrika Kusini ndovu wanaila sana. Jade usile. Kwa bonsai, yaani kimti kinachofupishwa kwenye mkebe, chukua hiyo Portulacaria, inakua haraka, ukiikata juu inatoa matawi mawili, na inavumilia ukisahau.

Huo utando mweupe ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaonyonya mmea. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya duka la dawa, gusa kimoja kimoja mpaka kigeuke kahawia, na uingie kabisa pale jani linaposhikana na shina maana ndipo mayai yalipo. Fanya jioni, si juani, spiriti na jua vinachoma jani. Rudia baada ya siku tano, halafu tena, hata ukiona pamekuwa safi. Kisha utoe mmea kwenye mkebe uangalie mizizi, na ukikuta unga mweupe huko chini pia, osha mizizi yote kwa maji, tupa udongo wote nje ya ploti, na mkebe wenyewe uusugue kwa maji ya moto kabla ya kuutumia tena. Na ile jade iliyo jirani isogeze mbali mpaka umalize.